Kwa nini sisi watoto wa Naivasha hatujui kuogelea?

#1 Karagita_Juu
Wadau, hamjambo. Swali hili limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Kazini walitupeleka Diani. Wa kwanza kujirusha majini alikuwa jamaa wa Kitui, mtu ambaye mto wa kwao una maji wiki mbili kwa mwaka. Mimi nilibaki mchangani nalinda viatu vya watu kumi na mmoja. Mmoja akaniuliza, "Si wewe ndiye mtoto wa ziwa?" Nikajifanya napokea simu.

Nimezaliwa Karagita na nimekulia hapo mpaka kidato cha nne. Kutoka mlangoni petu hadi Ziwa Naivasha ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Miaka yote hiyo sikuingia majini hata mara moja. Boti nilipanda nikiwa na miaka 27, tena kwa sababu nilialikwa harusi hotelini. Nimepiga simu kwa wenzangu sita wa darasa la nane na hakuna hata mmoja anayeogelea. Mji mzima unakula kwa ziwa: watalii, maua, samaki. Sisi tulikuwa wapi?

#2 Kiboko_Mstaafu
Jibu ni neno moja. Kiboko. Uzi ufungwe.

#3 MamaShiru
Ufungwe wapi, hata chai haijachemka?

Ila kiboko si mchezo. Sisi nyumba yetu ilikuwa upande wa Kamere. Usiku unasikia nyasi zikikatwa nje ya dirisha, krap, krap, kama mtu anang'oa nywele za mkeka. Mama anazima taa na tunakaa kimya. Asubuhi unakuta nyayo za vidole vinne zimezama kwenye shamba la sukuma wiki na mavi yametawanywa mpaka ukutani, maana yule mnyama akijisaidia anapiga mkia kama pangaboi. Mtoto aliyekua akiona hivyo utamwambia aende kuoga ziwani?

Sheria ya kwanza niliyofundishwa, kabla hata ya kuvuka barabara: usisimame kati ya kiboko na maji.

#4 Ujiji_Asilia
Nawasalimu kutoka Kigoma. Huku Tanganyika tuna viboko na mamba, na bado mtoto wa miaka saba anapiga mbizi akiibuka upande wa pili wa mtumbwi. Nimesikia huko kwenu hata mamba hamna. Nisahihishwe kama nimekosea. Kama ni kweli, basi mnaogopa ng'ombe wa majini.

#5 Kiboko_Mstaafu
Ng'ombe wa majini mwenye meno ya nusu mita. Karibu umkamue.

#6 Fundi_Baiskeli
Mkuu wa Ujiji hajakosea, Naivasha hakuna mamba. Lakini kuna jambo mnalisahau: baridi. Naivasha iko juu, karibu mita 1,880 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenu huko haliko hata mita 800. Saa kumi na mbili asubuhi hapa ukipumua unatoa moshi. Nani atavua shati? Watoto wanajifunza kuogelea palipo na joto la kuwasukuma majini. Mimi kwangu sababu ndiyo hiyo, hizo zingine ni visingizio.

#7 Karagita_Juu
Fundi, saa saba mchana Januari pale Karagita lami inayeyuka. Baridi hiyo iko wapi?

#8 Fundi_Baiskeli
Saa saba mchana ulikuwa shule.

#9 Mtu_wa_Uzio
Wote mmezunguka mbuyu. Chukueni ramani. Anzieni mjini, mfuate barabara ya Moi South Lake mpaka Kongoni, kisha mrudi kwa ile ya kaskazini. Hesabuni ni wapi mtu asiye na shamba, asiye mfanyakazi na asiye mgeni wa hoteli anaweza kufika majini bila kuulizwa anaenda wapi. Nimeendesha baiskeli njia hiyo miaka mitano nikipeleka mkate. Kushoto ua, kulia ua. Geti, waya, mchongoma, geti, nyumba za plastiki za maua, geti. Kwa kilomita nyingi unalinusa ziwa bila kuliona.

Hili halikuanza jana. Wenye mashamba walijiunga kwenye chama chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 na wakakubaliana na serikali ya mkoloni watumie ile ardhi inayoachwa wazi maji yakirudi nyuma. Yaani maji yakishuka, shamba linarefuka. Yakipanda, linafupika. Kwenye hesabu hiyo mtoto wa Karagita hayumo.

Mimi nilijaribu mara moja, nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa watatu, tukapita chini ya waya. Soja hakutupiga. Alituuliza tu kwa upole, "Nyinyi ni watoto wa nani?" Tukakosa jibu. Swali hilo linaniuma kuliko kiboko.

#10 Olpurkel
Hapo #9 umeanza katikati. Kabla ya hao wa 1930 kulikuwa na ng'ombe wetu sisi Wamaasai. Mkataba wa 1904 ndio uliotutoa huku Bonde la Ufa kutupeleka Laikipia, na 1911 tukahamishwa tena kutoka Laikipia kwenda kusini. Jina lenyewe ni letu: Nai'posha, maji yanayochafuka, yanayokwenda huku na huku. Mzungu alishindwa kulitamka. Mpaka leo tukileta mifugo kunywa wakati wa kiangazi ni kesi: njia za umma za kushukia ziwani zipo kwenye maneno ya wazee, ukifika unakuta ukuta.

Na kuogelea? Mmaasai hamwoni ziwa kama mahali pa kuchezea. Ni mahali pa kunyweshea.

#11 Dada_wa_Grinhausi
Naongezea la kwangu. Tatizo ni wazazi wetu walitoka wapi. Darasani kwetu kulikuwa na Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Wakamba, Waluo, Waturkana, kila mtu. Wengi baba au mama alikuja kwa maua. Maua yenyewe yalianza kuota hapa karibu na 1970, kwa hiyo mji wetu ni wa watu waliofika juzi. Mama yangu ametoka milimani, kwao hata bwawa la samaki hakuna. Angenifundisha kuogelea na nani?

Mkitaka kujua utoto wangu wa Naivasha, ni Februari. Wiki mbili kabla ya siku ya wapendanao mama alikuwa harudi mpaka usiku. Akirudi, vidole vina vijistari vya miiba, na ana kile kifungu cha waridi zilizokataliwa kwa sababu shina limepinda. Tuliziweka kwenye kopo la mafuta. Zikichoka, mbuzi wa jirani anakula. Nilifika Nairobi chuoni nikaona kijana analipa pesa anunue ua moja, nikacheka mpaka akaniuliza kama ni mgonjwa.

#12 Ujiji_Asilia
Mbuzi anayekula waridi. Hiyo nimeipenda. Nimekusamehe kutojua kuogelea.

#13 Mlolongo_Mwekundu
Lakini wavuvi je? Waluo wa Naivasha wametoka Nyanza, wanajua maji. Nadharia ya #11 inavuja.

#14 Dada_wa_Grinhausi
Waulize watoto wa hao wavuvi, si wavuvi wenyewe.

#15 Nyavu_Tupu
Mtoto wa mvuvi niko hapa. Baba ni wa Homa Bay, anaogelea kama bata. Mimi siogelei. Alinikataza yeye mwenyewe, na si kwa sababu ya kiboko. Alisema ziwa hili si kama la kwao, hili lina nywele. Alikuwa na maana ya magugu. Lile gugu maji lilionekana hapa 1988, na kabla yake kulikuwa na magugu mengine yanayoelea tangu miaka ya 1960. Upepo ukigeuka, kisiwa kizima cha majani kinakuja kukufunika. Ameshaona boti ikinaswa humo tangu mchana hadi usiku.

Pia mwaka 2001 uvuvi ulifungwa mwaka mzima ili samaki wapumue. Baba alikaa nyumbani anatengeneza nyavu ambazo hazikuwa na kazi. Mwaka huo hakuna aliyetaja neno ziwa kwetu.

#16 Mzee_wa_Kongoni
Vijana, mmenichekesha. Nina miaka 66 na nimeishi hapa yote isipokuwa mitatu.

Tulikuwa tunaogelea! Si wengi, lakini tulikuwa tunaogelea pale maji yalipokuwa safi na unaona miguu yako. Maua ya yungiyungi ya rangi ya samawati yalikuwa kila mahali. Halafu mwaka 1970 wakaleta kamba wa Louisiana, yule mwekundu mwenye makoleo, wamuuze Ulaya. Kweli aliuzwa, mpaka Uswidi. Lakini yeye alikula mimea yote ya chini, maji yakawa kama chai ya maziwa. Tena ukikanyaga anakubana kidole. Nilibanwa hiki cha mwisho cha mguu wa kushoto, kucha haijanyooka mpaka leo. Baada ya hapo nani angeingia?

Kwa hiyo mimi nasema: kamba. Andikeni hiyo.

#17 Kiboko_Mstaafu
Mzee, shikamoo. Kwa hiyo kizazi kizima kimeshindwa kuogelea kwa sababu ya kidole chako?

#18 Mzee_wa_Kongoni
Marahaba. Cheka tu. Karibu kila samaki mnayemla hapo sokoni ni mgeni. Wale wakubwa wenye midomo mipana waliletwa kutoka Amerika 1929, watu wavue kwa starehe. Kapi wa magamba makubwa, wale samaki Waingereza wanaowaita carp, tulianza kuwaona nyavuni 2001, inasemekana walitoroka mabwawa ya huko juu mto Malewa. Hata yule panya mkubwa wa manyoya alitoroka shamba akahamia ziwani, sasa hayupo tena. Ziwa lote ni la wahamiaji. Kama #11 alivyosema juu ya watu, ni hivyo hivyo majini.

Na babu yenu huyu anakumbuka kusimuliwa na babake ndege zikitua kwenye maji.

#19 Mlolongo_Mwekundu
Mzee, kwenye maji? Hapo nakataa. Babako alikuwa ameonja kitu.

#20 Shuka_Nyeupe
Usikatae. Ni kweli kabisa. Kuanzia 1937 hadi 1950 ndege za majini za shirika la Uingereza, Imperial Airways, baadaye BOAC, zilikuwa zinatua Naivasha kwenye safari za kutoka Southampton kwenda Afrika Kusini. Abiria wanashukia ziwani, kisha wanapelekwa Nairobi kwa gari.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ndege: shule za Nairobi zilikuwa zinaleta watoto wao hapa kwa basi kuona ndege wa ziwani. Sisi safari yetu ya shule ilikuwa kwenda Nairobi kuona ndege za uwanjani. Tulipishana na mabasi yao pale Mai Mahiu tukapungiana mikono.

#21 Karagita_Juu
Shuka_Nyeupe, hii ya mabasi imeniua. Ni kweli tupu. Mimi Crescent Island, kisiwa cha ziwa letu wenyewe, nimeiona kwenye kalenda.

#22 Shuka_Nyeupe
Basi ngoja niseme yangu. Mama alikuwa dobi wa hoteli moja ya ziwani, sitaitaja. Nilikuwa nampelekea chakula Jumamosi. Naishia geti la nyuma, lile la wafanyakazi. Kutoka pale unaona kamba za kuanikia, shuka nyeupe safu kwa safu, na kati ya shuka na shuka kipande cha maji kama upana wa kiganja. Upepo ukipiga kinafunguka, ukitulia kinafungwa. Hilo ndilo ziwa nililokua nalo.

Mwaka 2003 na 2004 walipokuja kina Garang wa waasi wa kusini na Taha wa serikali kuzungumza amani ya Sudan, shuka ziliongezeka na mama akapata saa za ziada. Viatu vyangu vya kidato cha kwanza vilitoka kwenye vita vya watu wengine.

#23 Mlolongo_Mwekundu
Mkataba ulisainiwa Nairobi lakini, Januari 2005.

#24 Shuka_Nyeupe
Nimesema kuzungumza, sijasema kusaini. Soma polepole, kaka.

#25 Pwani_Tupu
Mimi si wa huko, niko Malindi. Nasoma nikicheka. Hapa kwetu pia wengi hawajui kuogelea, na bahari iko mlangoni. Nadhani mji wa watalii wowote una ugonjwa huo: maji ni ya wageni, wenyeji wanauza madafu.

#26 Kigoma_Mjukuu
Je, kichocho? Hakuna aliyetaja kichocho. Mganga wa shule alitutisha nacho sana.

#27 Nyavu_Tupu
Kichocho kimejaa Ziwa Victoria na baba yangu anaogelea kama bata, nimeshasema. Hiyo haihesabiki.

#28 Elsa_Mdogo
Jamani, mbona mmesahau simba? Tuliambiwa Joy Adamson, yule mwandishi aliyemlea simba Elsa, aliliwa na simba hapo kwake Elsamere kando ya ziwa. Sisi ndiyo maana hatukwenda upande ule.

#29 Mlolongo_Mwekundu
Nani aliwadanganya? Joy aliuawa na binadamu, tena Shaba, kule Isiolo, Januari 1980. Elsamere ilikuwa nyumba yake tu. Sasa ni makumbusho, unakunywa chai kwenye nyasi huku tumbili mbega anakutazama keki.

#30 Elsa_Mdogo
Miaka 30 nimeogopa bure. Asante. Nadhani.

#31 Nahodha_Moja
Nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri wageni. Mimi naendesha boti pale Karagita bichi mwaka wa kumi na nne huu. Nitasema jambo na mnisitiri.

Sijui kuogelea.

#32 Kiboko_Mstaafu
UZI UFUNGULIWE UPYA.

#33 Ujiji_Asilia
Subhanallah.

#34 Nahodha_Moja
Chekeni mmalize. Kazi yangu haihitaji kuingia majini, inahitaji kutoingia. Asubuhi ziwa ni kioo. Ikifika saa nane hivi upepo unashuka, maji yanapanda mgongo. Huyo wa #10 amesema kweli kuhusu jina, mimi nalisoma kila mchana. Nahodha mzuri ni yule aliyekwisha kurudi nchi kavu saa hiyo.

Kiboko naye, wengi wanamwogopa pasipo pake. Akiwa amejitokeza, masikio yanacheza, unampa nafasi na unapita. Wa kuogopwa ni yule usiyemwona: ukiona mapovu yanakuja kwa mstari, ongeza mafuta bila kuuliza.

Mgeni anachotaka zaidi ni picha ya tai. Tunanunua samaki mdogo kwa wavuvi asubuhi, tunamsokomeza kipande cha bua la mafunjo mdomoni ili asizame. Unapiga mluzi, unainua mkono, unamtupa. Tai anatoka juu ya mgunga akiwa ameshalenga. Mzungu mmoja aliniuliza nilimfundisha vipi. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha mimi, nikichelewa kutupa ananipigia kelele.

Watoto wangu wawili nao hawaogelei. Hapo sina jibu.

#35 Mtu_wa_Uzio
Nahodha, umesema jambo zito. Lakini ona: hata wewe unaingia ziwani kupitia sehemu chache zilizobaki wazi. Narudi palepale, uzio.

#36 MamaShiru
Uzio, uzio. Na lile ziwa lilipovunja uzio je? Mimi baadaye nilihamia Kihoto, mtaa wa kando ya ziwa. 2020 hatukwenda ziwani, ziwa lilikuja. Lilianza kama unyevu kwenye zulia, tukadhani bomba. Wiki ya pili kuku wanalala juu ya meza. Safari yangu ya kwanza ya boti katika maisha nilipandia mlangoni pa chumba changu cha kulala, nimebeba godoro na jiko la gesi. Kijana wa boti akanionya nisishike ukingo kwa sababu kiboko alikuwa kwenye uwanja wa jirani. 2025 limerudi tena, nikapandia palepale.

#37 Fundi_Baiskeli
Pole, mama. Wengine wanasema Kihoto ilijengwa kwenye nafasi ya ziwa lenyewe, kwamba 2009 maji yalipokuwa chini kabisa watu waliona nchi kavu wakapima viwanja.

#38 MamaShiru
Mimi nilionyeshwa karatasi yenye muhuri. Ziwa halikuonyeshwa.

#39 Mlolongo_Mwekundu
Baringo, Bogoria na Nakuru nayo yalipanda miaka hiyo, kwa hiyo si kosa la viwanja peke yake. Kuna wanaosema mvua, kuna wanaosema misitu ya Aberdare imekatwa na udongo unajaa chini, kuna wanaosema ardhi ya Bonde la Ufa inacheza. Naivasha nayo haina mto wa kutoka, maji yanapenyea chini kwa chini, ndiyo maana hayana chumvi. Mvua ndiyo ninayoiamini zaidi, lakini tusihamishe mada.

#40 Kiboko_Mstaafu
Mada ilihama kwenye #16.

#41 Fundi_Baiskeli
Kwa wanaokuja mwisho wa wiki: baiskeli za kwenda Hell's Gate zipo, breki zinashika. Ni mbuga ya 1984 na unaruhusiwa kupita kwa miguu au baiskeli kati ya pundamilia. Huko hakuna kuogelea, amani tupu. Ila mvua ikinyesha msishuke korongoni.

#42 Karagita_Juu
Nimerudi, wadau. Nimempigia mama. Nimemwambia watu zaidi ya kumi wanabishana kwa nini alinikataza kuogelea. Akanyamaza, kisha akauliza, "Nani alikukataza?"

Anasema nikiwa na miaka minne yeye na baba walinipeleka ziwani Jumapili, wamevaa nguo za kanisani. Baba alikunja suruali akaingia, akanyoosha mikono nimfuate. Nikatazama maji, nikatazama viatu vyangu vipya, nikakataa. Nililia mpaka wakarudi. Anasema walijaribu tena mara mbili.

Mimi sikumbuki hata moja.

#43 Mtu_wa_Uzio
Walipita wapi kufika majini?

#44 Karagita_Juu
Nimemuuliza. Anasema siku hizo kulikuwa na kijia pembeni ya shule. Siku hizi hapo pana ukuta.

#45 Mtu_wa_Uzio
Sisemi kitu.

#46 Mzee_wa_Kongoni
Alihisi kamba, huyo mtoto.

#47 Nahodha_Moja
Karagita_Juu, mlete mama Jumamosi saa moja asubuhi kabla ya upepo. Wa mjini mnaotaka, njooni pia. Mafuta tutachanga, tai nitamwita mimi.

#48 Ujiji_Asilia
Ningekuwa karibu ningekuja kuwafundisha bure.

#49 Karagita_Juu
Mama amekubali, anauliza avae nini. Nahodha, swali moja kabla sijatuma mchango: laifujaketi unazo ngapi?

#50 Nahodha_Moja
Kumi na mbili. Moja ni yangu.